Fuwele ya Mwalimu Imakulata

Mwalimu Imakulata hakuwa mtu wa kujigamba, lakini ile fuwele aliyoikuza chupani ilikuwa imemvimbisha kichwa. Ilikuwa mwaka wa sabini, na Mwalimu Mkuu Luhende alishasema wazi: klabu ya sayansi ikikosa cha kumwonyesha mkaguzi, alasiri zake za Jumatano zitahamia shamba la karanga. Nchi ijitegemee, alisema, na haitajitegemea kwa kuchezea chupa.

Basi Imakulata akanunua shabu dukani Isevya, akaiyeyusha kwenye maji ya moto mpaka maji yakakataa kupokea zaidi, akayaacha yapoe. Katika punje zilizoganda chini akachagua moja iliyo nzuri kuliko zote, akaifunga uzi na kuining'iniza ndani ya chupa chumbani kwake. Ilitaka utulivu kuliko mtoto mchanga. Baada ya wiki tatu ikawa kubwa kama tende, ina nyuso nane. Ila punje ndogondogo zilianza kuiganda ubavuni kama chunjua, na kila siku zikazidi.

Jumatatu moja akarudi, akakuta fuwele haimo chupani. Bi Amne, mwenye nyumba wake, alikuwa uani, ameshika uzi, anaizungusha fuwele ndani ya mtungi wa maji ya kisima.

"Shikamoo, Bi Amne," alisema Imakulata, maana salamu kwanza, hata nyumba ikiwaka moto.

"Marahaba, mwanangu. Maji ya leo matope matupu, hayatakati bila shabu. Nilipoona shabu umeshaitia na uzi, nikasema binti huyu kafundwa kwao Puge."

Imakulata akakaa chini palepale akalia. Bi Amne alipoelezwa, naye akalia, wakawa wawili. Mtungini maji yalikuwa yameanza kutakata, na kwenye uzi kilibaki kitu cha ukubwa wa haragwe.

Imakulata akakifuta, akakiinua kwenye mwanga. Akaacha kulia. Chunjua zote zilikuwa zimeyeyuka, na kilichobaki kilikuwa kimoja, safi.

Akakirudisha kwenye yale maji yaliyoshiba shabu. Safari hii Bi Amne mwenyewe alilinda mlango, hata kuku hakupita. Fuwele ikaota kona zake upya, na siku kumi na moja baadaye mkaguzi aliilaza juu ya gazeti akasoma maandishi yaliyokuwa chini yake.

"Umetumia mbinu gani?" akauliza.

"Mbinu si yangu," alisema Imakulata. "Ni ya Bi Amne."

Luhende akakohoa, akasema karanga zitapaliliwa Alhamisi.

Jumatano Bi Amne, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia darasani, akasimama mbele ya darasa la saba na mtungi wake. Watoto arobaini wakainuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Bi Amne akageuka kumtafuta huyo mwalimu. Akamwona Imakulata kwenye dawati la nyuma, naye amesimama pamoja na watoto.

"Marahaba," akasema, akautua mtungi mezani.