Barua ya Eyvindur

Daktari alinipa majibu yangu pamoja na barua ya kumpelekea kaka yangu Eyvindur. Daktari mwenyewe haruhusiwi kumpigia simu. Wa kuifikisha ni mimi. Nimerithi kasoro ya jeni iliyomletea mama saratani ya matiti, na huenda Eyvindur naye anayo. Kama anayo, binti zake wawili huenda wameirithi.

Lakini siku tulipomzika mama, Eyvindur aliniambia, "Ukitaka kupima, kapime. Mimi usiniletee habari." Nikaahidi. Barua ikakaa wiki sita katika mkoba wangu wa darasa la jioni, katikati ya daftari la biolojia.

Jumapili moja kabla ya Krismasi tulikutana jikoni kwake kutengeneza mkate wa majani, ule mwembamba wa Krismasi unaochongwa michoro kama majani kisha ukakaangwa. Mwanangu Kári alilala nje ya dirisha ndani ya kigari chake, kama watoto wachanga wa kwetu wanavyolazwa hata kwenye baridi, amefunikwa sufu hadi puani. Sisi tulisukuma unga ukawa mwembamba kiasi cha kuonyesha gazeti lililo chini yake, tukauchonga kwa visu vidogo. Mkate wa kwanza huchongwa herufi ya asiyekuwepo. Mwaka huu ilikuwa R, ya mama yetu Ragnheiður, na kazi hiyo nilipewa mimi.

"Hiyo ni R au buibui aliyekanyagwa?" Eyvindur aliuliza.

"Kaanga, Kaka. Uchongaji niachie."

Binti yake mdogo, Ylfa, aliinua mkate wake dirishani akanichungulia kupitia matundu, jicho moja la buluu, la mama kabisa. Kisu kikanisimama mkononi. Nikampa Eyvindur mkate wa mama bila kuudunga kwa uma. Ulipoingia kwenye mafuta ukavimba kama mto wa kulalia.

Eyvindur akautoa, akanitazama. "Kosa hilo hujalifanya tangu ukiwa na miaka sita. Una nini?" Kisha akawaambia wasichana wakamwangalie Kári.

"Nilipima," nikasema. "Ninayo. Na nina barua yako. Nilikuahidi, Kaka, lakini siwezi tena."

Akapunguza moto. "Mimi mwanamume. Nilidhani kwangu imeishia."

"Haiishii. Wewe unaweza kuwa nayo nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Ukiwa nayo, kila binti naye ana sarafu yake."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa jioni?"

"Hayo na desimali."

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa mkono wenye unga. "Wiki ngapi umetembea nayo?"

"Sita."

"Mkaidi kama mama. Nilikufunga mdomo nikakuacha na mzigo peke yako. Nisamehe, mdogo wangu." Akanyoosha mkono. "Ilete. Kesho nitawapigia hospitalini. Na wewe, watakufanyia nini?"

"Watanipiga picha za matiti kila mwaka. Kikianza kitu, wakione kingali kidogo."

"Mama hakuipata nafasi hiyo."

"Hakuipata," nikasema nikimpa barua kutoka mkobani, na kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke nikahisi shukrani: kwa daktari, kwa sindano, kwa kaka aliyekuwa akiikunja barua na kuiweka mfuko wa shati, ikiwa na alama za vidole vya mafuta.

Wasichana wakarudi na Kári, mashavu mekundu, anadai kula. Tukakaanga hadi giza likaingia, saa kumi alasiri, kama kawaida ya Desemba huku kwetu kaskazini. Ule mkate wa mama ulivimba mno, hatukuweza kuweka mingine juu yake. Ukakaa kileleni mwa rundo.