Baba Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Nadhira alipoanza hakuwa na kompyuta. Hakuwa na meza ya kusomea, wala taa iliyoweza kuwaka wiki nzima bila kuzimika, wala kaka aliyetangulia kusoma akajua ofisi ipi ya kupigia hodi. Kiingereza chake kilitosha kusoma maelezo ya kwenye chupa ya dawa. Simu yake ilikuwa na ufa katikati ya kioo, kila sentensi akaisoma vipande viwili. Mwalimu wa kumfundisha kuandika programu hakuwapo Kiuyu nzima, na walipomwelekeza kwa mmoja aliyekuwa Wete, alikuta keshahamia Unguja. Hayo yote aliyakosa. Baba hakumkosa.

Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya sala ya alasiri, alipokaa na mama yake mbele ya kompyuta wakitazama filamu ya maisha yake, mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna dagaa waliooza.

Filamu ilikuwa ya shirika moja la Dar es Salaam. Walikuja mwaka jana, wakamhoji siku mbili, wakaondoka. Siku hizi Nadhira anaandika programu katika kampuni moja mjini Unguja, na kila likizo hurudi Kiuyu kuwafundisha wasichana kumi na wanane wanaogombania kompyuta mbili. Shirika liliahidi kuwapa kompyuta kumi siku ya kuzindua filamu. Lakini kwanza Nadhira aitazame, aandike maoni yake, atie saini ya idhini. Mkataba ulitaka jibu liwe barua ya karatasi yenye saini ya mkono. Bila saini hakuna uzinduzi, na bila uzinduzi hakuna kompyuta.

Kwenye kioo, mwanamume mwenye ndevu za kubandika alikuwa anakula muhogo. Mkono wa kulia ameshika bakora, na kwa ule wa kushoto anatia tonge kinywani.

"Huyu nani?" aliuliza mama yake, Bi Mwanapili.

"Ndiye baba, mama."

"Baba yako alikula kwa mkono wa kushoto?"

"Mama, huyu mwigizaji tu."

"Mwigizaji naye hana mamake?"

Bi Moza, jirani aliyekuja kumwona Nadhira kwenye sinema, alijifunika mdomo kwa kanga. "Mie n'shaona mengi, Mwanapili. Lakini huyu anajilamba na vidole."

Yule mwanamume alipomaliza kujilamba alichoma madaftari ya binti yake. Kisha akamwoza kwa kizee chenye jino la dhahabu. Binti alilia jikoni, akalia shambani, akalia kwenye mvua. Wote walisema Kipemba cha kuigiza, wakivuta maneno kama watu wanaodhihaki. Halafu akaja mfadhili na mkoba, akafungua kompyuta, mwanga ukampiga binti usoni, na kabla wimbo haujesha alikuwa keshajua kila kitu.

"Zima," alisema Bi Mwanapili.

Nadhira akazima.

"Nani aliwaambia kuwa baba yako Duni alikukataza kusoma?"

Nadhira alitazama mikono yake. "Mimi."

Bi Moza aliinuka, akasema ameacha chungu jikoni, akatoka.

Mzee Duni, Mungu amrehemu, alikuwa mfungua maji wa mtaa wao. Maji yalikuwa yakifunguliwa saa mbili asubuhi, yakafungwa saa nne. Nadhira alipokuwa na miaka kumi na minane aliomba kutumia kompyuta ya skuli, akaandika programu yake ya kwanza, ya kupeleka ujumbe kwenye simu za mtaa mzima kueleza saa ya maji. Kompyuta ikahesabu kwa desturi yake ya kuanzia usiku wa manane, na ujumbe ukaenda ukisema saa nane. Wanawake walifika na ndoo saa nane mchana, wakakuta mabomba makavu. Nyumba moja ilikuwa na msiba. Maji ya kumwoshea maiti yalikwenda kuchotwa kijiji cha pili, na waliyachota kwa matusi.

Mzee Duni alisimama mbele ya watu akasema kosa ni lake. Baadaye akamchukua binti yake, wakapita nyumba thelathini na moja, na katika kila nyumba Nadhira aliomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Nafasi ya chuo Unguja ilipokuja, baba alikataa.

"Hapa umeharibu, hujatengeneza," alisema. "Huendi kuwaharibia wengine."

Miezi saba Nadhira aliivunja ile programu na kuijenga upya, na Mzee Duni akikaa kibarazani na saa yake ya mkono akiupima kila ujumbe. Mwezi wa nane alimbebea sanduku mwenyewe hadi bandarini. Miaka sita baadaye akafa.

Watu wa shirika walipomhoji, mwulizaji wao alisema, "Baba yako aliwahi kukukatalia?" Nadhira akacheka, akasema, "Miezi saba alinikatalia." Alitaka kueleza, lakini mwulizaji keshafungua ukurasa mwingine, naye akaacha. Kamera ilikuwa imempendeza. Sasa alijionea kinyaa kuliko alivyomwonea yule mla kushoto.

Alimpigia simu Ridha, msimamizi wa filamu.

"Dada Nadhira, mtazamaji anahitaji adui," alisema Ridha. "Bila adui watu wanasinzia."

"Huyo adui ana jina na ana kaburi."

"Jina tumelibadilisha."

"Jina langu mmeliacha. Mie ni binti wa nani?"

"Wafikirie wale wasichana, dada. Kumi na wanane."

Alijua pa kubonyeza, na alipabonyeza kwa upole kama mtu anayepapasa embe sokoni. Nadhira alikata simu, akaufuta mkono kwenye kanga.

"Na hizo kompyuta?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Hazitakuja."

Mama alimsogezea karatasi na kalamu. "Kesho utawaambia wenyewe hao wasichana, nyumba kwa nyumba. Na barua iandike. Lakini uandike kuwa wewe ndiye uliyesema."

Nadhira akachukua kalamu.

"Bwana Ridha," aliandika. "Nimeitazama filamu yenu. Binti mliyemwonesha analia tangu mwanzo hadi mwisho na hakosei hata mara moja, kwa hiyo sijui alijifunzaje. Herufi za kijani zinazopita kwenye kompyuta yake si programu ya lugha yoyote. Huyo baba simjui. Wangu alinikatalia miezi saba kwa kuwa niliwanyima maji watu wenye maiti, na habari hiyo niliwapa nusu kwa sababu nilipenda kutazamwa. Aibu ya nusu hiyo ni yangu. Nusu mliyoijaza wenyewe ni yenu. Filamu hii inanitia kichefuchefu. Saini ya idhini sitii."

Chini akaandika jina lake lote: Nadhira Duni.

Asubuhi ya Jumatatu alipita kwanza kwa wasichana, nyumba baada ya nyumba. Mmoja alilia, mwingine hakumjibu salamu ya kuaga. Kufika posta ya Wete ilikuwa karibu saa sita. Alilamba ukingo wa bahasha, gundi ikamwachia uchungu ulimini, akaifunga na kuibana kwa kiganja.

"Ya kawaida au ya haraka?" aliuliza karani.

"Ya haraka."

Karani aligonga mhuri, akaitia barua kwenye mfuko wa Dar es Salaam.