Uzito wa Masese

Kila alasiri, kabla mvua ya huku Merigi haijaamua kunyesha, Gesare alifika kwenye kituo cha chai na kikapu mgongoni, na ndani ya kikapu, juu ya majani, aliketi mumewe Masese. Masese alikuwa amefariki msimu wa palizi. Alizikwa vizuri, kwa suti na tai, kina mama wa kanisa wakaimba mpaka sauti zikakauka, na wiki iliyofuata akarudi, akamkuta mkewe akichuma mstari wa juu, akapanda kikapuni bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa kituo walimjua Masese kuwa mtu wa kufuatilia mambo yake.

Na jambo lake lilikuwa moja. Maisha yake yote mizani ya kituo ilimpunja. Akileta kilo kumi na nne na kitu, iliandikwa kumi na nne. Hiyo "na kitu" ilipanda lori pamoja na majani mengine, ikaenda kiwandani, ikanywewa huko duniani kama chai nyingine yoyote, ila mwenyewe hakutambuliwa.

"Nitapumzika siku wataandika yote," alimwambia mkewe siku ile aliyorudi. "Hata mara moja tu, Mama Judy. Siwezi kulala na hiyo kitu."

Gesare alimpenda mumewe, hilo halina mjadala. Lakini alikuwa amechoka. Mwanamke akishamlilia mume akamaliza, hategemei kumbeba tena kilimani kila siku huku akielekezwa apite upande usio na tope. Alitaka Masese alale. Alitaka pia, kama kuna mtu angemuuliza, mgongo wake. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba mizani itaboreshwa, hakuna aliyefurahi kumshinda.

Kiwanda kilikuwa kimebanwa. Wakulima walikuwa wameanza kulalamika kwa mpangilio, jambo ambalo wakubwa hawalipendi. Akatumwa injinia, Lenah, na masharti mawili: betri isiwe kubwa kuliko ile ya zamani, kwa kuwa kituo hakina stima, na kisanduku cha mizani kisizidi kile cha zamani, kwa kuwa kabati lake la waya lilishachomelewa na hakuna aliyetaka kuita fundi tena. Usahihi uongezeke, kingine chochote kisiongezeke. Lenah alifungua kisanduku juu ya meza ya kuchambulia majani, akamwonyesha karani, Janeffer, kidude kidogo kuliko ukucha, kile kinachopokea uzito kama umeme na kuutoa kama namba.

"Hii ilikuwa inaangalia mara moja tu, inakata kauli," alisema. "Sasa nimeiambia iangalie mara nyingi, halafu ichukue wastani. Na nimeiwekea mtetemo kidogo. Si unajua vile unatikisa mkebe wa gorogoro ndio punje za mahindi zikae vizuri? Ni hivyo tu. Betri ni ile ile."

"Na itaona gramu?"

"Itaona hata gramu imejificha."

Siku ya uzinduzi alikuja Bwana Kipkirui, mkurugenzi wa wakulima wa eneo hilo, pamoja na wageni wa kukalia viti vya plastiki. Kwa kuwa huku hata mtungi wa maji haufunguliwi bila maombi, mchungaji aliitwa. Akaombea ndoano, akaombea betri, akaombea kabati la waya, mwishowe akaomba kwamba tangu leo chochote kitakachoning'inia hapo, kinachoonekana na kisichoonekana, kijulikane. Watu wote wakaitikia amina. Hata Lenah aliitikia, ingawa injinia hapaswi kuitikia jambo ambalo hajalipima.

Gesare alisukumwa mbele awe wa kwanza, maana kila mtu alijua shida yake. Majani yakamwagwa, yakachambuliwa, yakatiwa kwenye gunia la neti, gunia likatundikwa. Masese akapanda juu ya gunia kama kawaida yake, akashika neti kwa mikono miwili, tai ikining'inia. Mizani ya zamani haikuwahi kumhisi. Hii mpya ilitetemeka kidogo, ikafikiri, ikasema kilo kumi na nne na gramu mia tisa na themanini.

Janeffer alitazama kioo cha namba, kisha gunia. "Mama, hii iko na mtu."

"Ni Baba Judy."

"Nimemwona. Baba Judy, hebu shuka kidogo."

Masese akashuka. Mizani ikasoma kumi na nne na gramu mia tisa.

"Kumbe nimekonda hivi," alisema Masese, akiitazama namba yake kwa mara ya kwanza.

Watu wakapiga makofi, na Lenah akapiga kuwashinda wote. Kumtenga marehemu na majani kwa betri ile ile si jambo dogo. Gesare alikuwa ameshafunika mdomo kwa leso, machozi yanamlengalenga. Kisha Janeffer akabonyeza, karatasi ikatoka, imeandikwa kilo kumi na tatu.

"Kumi na tatu?" Gesare aliuliza. "Hata ile mbovu ilikuwa inanipea kumi na nne!"

Bwana Kipkirui alikuja mwenyewe kueleza, kwa upole, kama mtu anayewaeleza watoto. "Mama, mizani iko sawa kabisa. Inaona gramu. Lakini kompyuta ya ofisi inapokea kilo nzima, kwa hivyo majani yanateremshwa, yanakuwa kumi na nne."

"Na hiyo moja?"

"Ni ya marehemu. Kitu si majani lazima itolewe, hiyo ni sheria. Na kompyuta haijui kutoa gramu themanini. Inatoa kilo."

"Lakini si alishuka!"

"Alishuka akiwa ameonekana, mama."

Basi majani yakashushwa na mzee akapandishwa hadi kilo nzima, kwa mashine ile ile, siku ile ile. Watu wakamgeukia Lenah. Alisema kazi yake inaishia kwenye kioo, mengine ni ya ofisi. Ilikuwa kweli, na aliisema akifunga begi. Wageni wakaletewa soda.

Ofisi haikutaka kuonekana ina ubaguzi. Tangu hapo kila mkulima hukatwa kilo ya marehemu, awe amekuja naye au amemwacha nyumbani. Kijana Osoro, ambaye wazazi na babu zake wote wako hai na wanakula vizuri, alipinga.

"Karani, mimi sina marehemu."

"Bado," alisema Janeffer, ambaye si mtu mbaya, akabonyeza.

Watu wakaona ni heri kuwaleta marehemu wao, maadamu wanakatwa. Siku hizi benchi la kituo hujaa: wazee wa zamani wanaulizana habari, na marehemu bibi wa Nyamusi, mkulima mwingine, hukagua vikapu vya wengine na kulalamika kwamba watu wa leo wanachuma majani magumu.

Masese hakulala. Kila wiki mizani humsoma mzito zaidi. Lenah alipokuja kuikagua, aliifungua, akaifunga, akasema haina kosa lolote.

Juzi mvua ilipoanza, Gesare alipiga magoti kando ya benchi, akapitisha ukanda wa kikapu kwenye paji la uso. Masese akapanda. Ilibidi Gesare ashike nguzo ya kituo ndipo aweze kusimama.

"Umekuwa mzito, Baba Judy."

"Si mimi," alisema Masese. "Ni ile 'na kitu.'"

Gesare akaurekebisha ukanda, akaanza kupanda kilima.