Siku Nne za Mtihani wa Mdomo

Lambert aliondoka Kisangani Julai 1998, kwenda kufundisha Kinshasa kwa wiki tatu. Alibeba begi moja tu. Agosti vita vikaanza, nchi ikakatwa vipande viwili, na meli zikaacha kupanda mto. Mkewe Aurélie alibaki na binti yao, Fortunée, aliyekuwa na miezi mitano.

Aurélie alikuwa katibu wa kitivo cha sayansi cha chuo kikuu, ambako Lambert alifundisha. Ndiye aliyepanga ratiba ya mitihani na kukusanya maoni ya wanafunzi juu ya kila somo. Zamani alibandika karatasi ukutani, basi. Mwaka 2002 kitivo kikapata kompyuta moja yenye mtandao. Maprofesa waliokwama upande wa pili wakaanza kutuma masomo na maswali yao kwa njia hiyo, na ratiba ikawa inasomwa Kisangani na Kinshasa siku ileile, mradi umeme wa bwawa la Tshopo uwepo.

Somo la samaki wa mtoni lilikuwa la Lambert. Siku Aurélie alipoandika jina la mumewe kwenye ratiba, alikosea herufi mara mbili.

Kompyuta ilikuwa ya kazi, na kila ujumbe ulisomwa kwanza na mkuu wa kitivo, Profesa Liévin. Kwa hiyo mume na mke waliandikiana kama watu wa ofisi.

“Madame la secrétaire,” aliandika Lambert, “maswali nimeyatuma. Nijulishe pia habari za yule mwanafunzi wenu mdogo kuliko wote.”

Aurélie alielewa ni nani. Akajibu: “Monsieur le professeur, yule mwanafunzi anatembea, anakimbia, na meno yote yameota. Anauliza maswali mengi kuliko wenzake.”

Jibu lilichukua siku sita. Lilikuwa na neno moja: “Asante.” Alilisoma mpaka umeme ukakatika.

Mtihani ulipopita, wanafunzi wakajaza fomu za maoni. Swali moja liliuliza kama mwalimu anapatikana anapohitajika. Wote thelathini na mmoja waliandika hapana. Sadrack, kijana wa familia ya wavuvi wa Yanonge, aliongeza chini: “Somo ni zuri. Lakini samaki hawafundishwi kwa karatasi. Mwalimu aje.”

Aurélie aliisoma fomu hiyo akiwa amesimama. Kisha akazichukua zote, akaingia kwa mkuu wa kitivo.

“Papa doyen, somo hili linahitaji mtihani wa mdomo.”

“Wa mdomo? Mwalimu iko Kinshasa! Atakuya namna gani?”

“Tukiweka tarehe kwenye ratiba, kule watamwandikia ordre de mission, kibali cha safari ya kazi. Akiwa na ile karatasi anaweza kupata kiti kwenye ndege ya Umoja wa Mataifa. Bila mtihani, hakuna karatasi.”

Profesa Liévin alizipitia fomu moja moja. Alipomaliza akavua miwani.

“Maman Aurélie, niambie kweli. Hii iko ya banafunzi, ama ya weye?”

“Yetu sisi wote, papa doyen.”

Akatia sahihi.

Tarehe ya kwanza ilipita, ndege haikuja. Aurélie akaibadilisha. Ya pili, kiti kikapewa mtu mwingine. Kila alipofuta tarehe na kuandika nyingine, alijua kuna mtu Kinshasa anayeitazama siku hiyohiyo, na hilo lilimtosha kuamka kesho yake. Mara ya tatu, Jumanne, Lambert akashuka kwenye ndege, amekonda, na mvi mbili tatu kidevuni.

Karatasi yake iliruhusu siku nne.

Fortunée alijificha nyuma ya mama yake. “Bonjour, tonton,” alisema, kama alivyowasalimia wajomba wote wa mtaani.

Lambert alichuchumaa. Akampa mkono tu, kama watu wazima wanavyosalimiana.

Siku tatu aliwahoji wanafunzi ukingoni mwa mto, samaki wa sokoni wakiwa wamepangwa juu ya majani ya mgomba. Sadrack alihojiwa saa nzima, na aliondoka anacheka. Jioni Lambert aliketi uani akimtazama mtoto akila, na Aurélie akamtazama yeye. Walikuwa wameweka maneno ya miaka minne. Sasa hawakujua waanzie lipi. Walizungumza juu ya paa linalovuja.

Ijumaa walimsindikiza uwanja wa ndege. Fortunée alimshika mama yake mkono njia nzima. Lambert alipokwisha kupita kizuizi cha askari, mtoto akaita kwa nguvu, “Papa!” Lambert aligeuka. Askari akamwonyesha ndege kwa kidole, naye Lambert akaenda.

Alirudi mwaka uliofuata, mto ulipofunguliwa, baada ya siku ishirini na mbili majini. Aurélie alikuwa bandarini tangu asubuhi. Alipomwona anashuka ubao wa meli katikati ya watu na mizigo, hakukimbia kumlaki. Aliketi juu ya gunia la chumvi la mtu asiyemjua, akamngoja afike.