Lenzi ya Mwalimu Fidelia

Hebu piga picha ya chumba kimoja cha zahanati ya macho pale Makambako, mchana unaelekea jioni, pazia limefungwa, na mwanamke kijana ameweka kidevu kwenye kiegemeo cha darubini, jicho la kushoto wazi, hapepesi mpaka aambiwe, mtiifu kama mtoto siku ya kwanza shuleni... na upande wa pili wa darubini yuko Elina, daktari wa macho aliyetoka Njombe alfajiri ukungu ukiwa bado umelala barabarani, anaitazama lenzi laini aliyomvika jichoni na kuwaza kwamba imekaa, karibu imekaa, na miguu yake mwenyewe iliyovimba inamsihi akubali kwamba imekaa. Pepesa, mwalimu, anasema, na Mwalimu Fidelia anapepesa, na ule mstari mdogo uliochorwa kwenye ukingo wa chini wa lenzi unakimbilia puani, pepesa tena, unarudi upande wa sikio, hautulii, ni kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake... na hii ni ya tatu leo, jicho limeanza kuwa jekundu, unaonaje sasa, naona vizuri, daktari, asante sana. Vizuri. Ndivyo alivyosema kwa lenzi ya kwanza, ndivyo alivyosema kwa ya pili, kwa sauti ile ile ya mtu aliyepewa kikombe cha chai ambacho hakina sukari na anakinywa chote. Na jicho lenyewe Elina analiona, kioo chake cha mbele kimekuwa chembamba na kutokeza kama ncha ya yai, miwani ilishashindwa nalo, lenzi za kawaida zinaliponyoka, zimebaki hizi tu, nene kidogo katikati, zinazotengenezwa ng'ambo kwa kipimo cha mgonjwa mmoja mmoja, kipimo kinachopatikana kwa lenzi za majaribio kama hii, na kikishatumwa kimetumwa, unakaa wiki na wiki kusubiri, ikija mbovu unaanza upya, na Fidelia hana wiki za kuanza upya, alieleza mwenyewe asubuhi huku anatazama sakafu, kwamba mwalimu mkuu amemvumilia vya kutosha, shule zikifunguliwa kama bado anasoma madaftari ya watoto kwa pua basi darasa la kwanza litapewa mtu mwingine, yeye atapelekwa stoo akahesabu majembe... darasa la kwanza, watoto anaowajua kwa sauti kwa sababu sura zao zinamfikia zimepakwa ukungu. Nje ya mlango nesi Devota anamwambia mtu kwamba daktari bado yumo, halafu anainua sauti makusudi Elina asikie, Coaster ya mwisho ya Njombe haina subira kama wewe, mama, ikikuacha utalala na mimi kwenye kitanda cha wagonjwa na mimi nakoroma, na mtu huko anacheka, na Elina anatabasamu bila nguvu, kwa kweli angeweza kuandika sasa hivi, mgonjwa anaona vizuri, mgonjwa mwenyewe kasema, nani atamlaumu daktari kwa kumwamini mgonjwa... Mama yake Elina naye alisema hivyo. Alikaa kwenye kiti cha fundi wa meno ya bandia, huyo mama wa kijijini Kichiwa, kitenge cha kwaya ya usharika kimefungwa vizuri, fundi akauliza, yamekaaje, bibi, mama akasema yamekaa vizuri, mwanangu, Mungu akubariki, na fundi akafurahi, na Elina akafurahi, na meno yakaishi ndani ya bilauri dirishani, yakitoka Jumapili tu kwenda ibadani na kurudi, siku nyingine zote mama anakula viazi vilivyopondwa, na Elina alipomuuliza alisema, yule kijana alikuwa amehangaika sana, ningemwambiaje. Ningemwambiaje... pepesa, mwalimu, mstari umekimbia tena, puani, sikioni, na hili Elina analiona kwa macho yake mazima, mgonjwa hawezi kuona vizuri kwa lenzi inayocheza hivi, haiwezekani, kwa hiyo hapa kuna watu wawili wanaooneana haya, mmoja anasema uongo kwa heshima na mwingine anataka kuupokea kwa uchovu. Anasogeza uso pembeni ya darubini.

"Mwalimu, watoto wako wakiitikia kwamba wameelewa, huwa unawaamini?"

Kidevu hakitoki kwenye kiegemeo, ila mdomo unacheka kidogo. "Hata siku moja, daktari. Namwita mmoja mmoja mbele anionyeshe." Kisha polepole, kama mtu anayeteremka mteremko wenye utelezi, "Kila herufi uliyonionyesha leo ina mkia. Kama vile mdogo wake amemshika nguo kwa nyuma."

Tangu lenzi ya kwanza, anauliza Elina, na Fidelia anakiri tangu ya kwanza, nisamehe, nilikuona unahema kila ukiinama, nikasema moyoni huyu mama ametoka mbali... na Elina anakaa na hilo, kwamba siku nzima alidhani anauficha uchovu wake, kumbe umekaa naye mezani unamuuliza mgonjwa maswali, na mgonjwa ameujibu wenyewe, kwa huruma, na wangapi leo wameujibu hivyo, yule mzee wa asubuhi, yule binti wa shule... miguu bado inauma, pazia bado limefungwa, mstari bado unayumba ndani ya jicho jekundu, na kwenye sanduku la majaribio imebaki lenzi nyingine iliyobana zaidi, mkono wake haujaifikia bado, lakini kichwani ile sentensi ya kuandika, mgonjwa anaona vizuri, imekwisha kufutika, haipo.

"Tutaitoa hii, upumzike, tujaribu nyingine," anasema, taratibu. "Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwalimu. Ukiniambia huoni, hujanikosea adabu."