Mashabiki wa Dada Foleni

Noela Chilumba alipofika ofisi ya serikali ya mtaa wa Mikorosho Saba, Gongo la Mboto, saa mbili na robo asubuhi, karatasi ya majina ilikuwa imeshajaa mpaka namba kumi na tatu. Akaandika lake chini, wa kumi na nne, akakaa mwisho wa benchi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Kiti cha mtendaji hakikuwa na mtu.

Alitaka barua ya utambulisho ili amdhamini kaka yake. Benjamin, muuza makava ya simu, alikamatwa jana na mgambo kwa kupanga bidhaa kwenye njia ya waenda kwa miguu, wakamkabidhi kituoni. Askari wa zamu alimwambia Noela alete barua ya mtaa kabla ya saa kumi. Leo Ijumaa, ikipita saa kumi, mpaka Jumatatu. Benjamin ana pumu. Alfajiri, Noela alipompelekea chai, alimsikia akikohoa kabla hajamwona.

Mtendaji, Bwana Rogers, alikuja na pikipiki yake saa nne kasoro. Akahudumia watu wanne, akanywa chai, akaongea na simu, akahudumia wawili, akaongea tena na simu. Karani wake, mama mmoja mnene aitwaye Eliaichi, alikuwa akitoka kila baada ya muda kusema, "Vumilieni jamani, anakuja."

Kushoto kwa Noela alikaa binti wa chuo, Recho, na fomu zake za mkopo ndani ya bahasha. Pembeni ya Recho alikuwa Fakihi, kijana mchonga vinyago, kucha zake nyeusi kwa vumbi la mpingo. Upande wa kulia, kwenye ncha ya benchi la pili, alikaa mzee Audax, mwalimu mstaafu, aliyekuja kuomba barua ya kuthibitisha kwamba bado yu hai.

Kwenye saa sita Fakihi alitoa begini kitabu cha katuni, karatasi za A4 zilizokunjwa na kubanwa pini. Noela alikitambua kabla hajaona jalada. Pembeni ya kila ukurasa kulikuwa na mstari mweusi, ule unaoachwa na mashine ya fotokopi ya dukani anakofanya kazi. Alikichora yeye, akakitoa kopi yeye, akakibana pini yeye. Jalada lilisema: Dada Foleni, namba tano. Chini, kwa herufi ndogo: N.C.

"Na wewe unaisomaga?" Recho alimuuliza Fakihi.

"Tangu namba moja. Ila hii ya tano imeniudhi."

"Imekufanyaje?"

"Si unajua nguvu zake? Akigusa kaunta, ofisa anaganda kwenye kiti, hanyanyuki mpaka foleni iishe. Fresh. Sasa humu kuna bosi wa ardhi amekula viwanja vya watu, na dada anamgandisha tu, basi. Mie nilitaka amtandike. Nimenunua kitabu cha shujaa, sijanunua semina."

"Akimtandika ndo inakuwaje? Kesho wanaleta mwingine, kiti kilekile. Mwandishi anaongelea kiti, wewe unaangalia mtu."

"Sista, mie nashinda nagombana na watu wa ushuru. Nikifika geto nataka nione mtu mmoja anapigwa. Mmoja tu. Hayo ya kiti waandike kwenye magazeti."

Benchi zima likacheka. Recho hakucheka.

"Ndo maana wanatuweza," alisema. "Tukishaona mtu kapigwa kwenye katuni, tunalala."

"Na wewe ukishaona kiti kimeongelewa, unafanyaga nini?"

Recho alianza kunyoosha kona za bahasha yake. Noela aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kwenye simu wasomaji walikuwa wanamtumia vidole gumba na maneno mawili matatu ya kumsifu. Hajawahi kuwasikia wakigombana kwa ajili yake. Alitamani waendelee, na alitamani wanyamaze.

"Hebu nipeni nione hicho mnachogombania," mzee Audax alisema.

Fakihi alimpelekea kwa mikono miwili. Mzee alivaa miwani, akasoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, hadi watu wakaanza kumsahau.

"Anajua kuchora huyu," alisema hatimaye. "Ofisa kamtia jasho, kamvika pete, hata pengo kamwekea. Lakini hawa waliopanga foleni, mbona hawana sura?"

Fakihi na Recho wakainama kuangalia. Ni kweli. Foleni yote, kuanzia ukurasa wa pili mpaka wa mwisho, ilikuwa miili yenye vichwa vya duara tupu, kama mayai.

"Kumbe," Fakihi alisema.

"Ndiyo sisi hawa. Kazi yetu kumsubiri ofisa. Akishindikana, tunamsubiri dada."

"Labda ndicho alichotaka kusema, mwalimu," Recho alisema.

"Labda. Au alichoka."

Masikio ya Noela yalipata moto. Alichoka, ndiyo. Zile duara alizichora dukani kati ya mteja na mteja, akijiambia hakuna msomaji anayeangalia watu wa nyuma. Alichungulia simu. Saa saba na dakika ishirini, na karatasi ilikuwa imefika namba tisa.

Saa nane kasoro gari jeupe lilisimama getini likapiga honi. Bwana Rogers akatoka na faili kwapani.

"Jamani, nimeitwa kikao wilayani. Waliobaki, Jumatatu."

"Mheshimiwa, mie mwisho wa fomu ni leo," Recho alisema.

"Ungekuja mapema."

"Nimekuja saa moja."

Macho ya Bwana Rogers yalikuwa yamemfikia Noela. "Wewe si wa stationari ya Jamali? Si ndiye unaniprintiaga mihtasari yangu?"

"Ndiyo."

"Ingia haraka. Dakika mbili."

Noela alisimama. Wa kumi alikuwa mzee Audax, wa kumi na moja Recho, wa kumi na mbili Fakihi, na wa kumi na tatu mama mmoja aliyebeba mtoto. Alikuwa na maneno mdomoni: huyu mzee ndiye anayefuata.

"Unakuja, au nifunge?"

Akakisikia kichwani kikohozi cha Benjamin, kile cha kuvuta kwa ndani. Akaingia.

Muhuri uligongwa mara mbili. Alipotoka na barua, gari lilikuwa limeshawashwa.

"Umepata?" Recho alimuuliza.

"Nimepata."

"Afadhali."

"Unajuana naye?" Fakihi aliuliza.

"Namprintia."

Fakihi aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Noela alitembea mpaka barabarani akitamani angemtukana.

Kituoni askari aliisoma barua pande zote mbili, ingawa nyuma hakukuwa na kitu. Akataka fotokopi. Noela akakimbia kutafuta fotokopi. Akataka namba ya kitambulisho, akataka sahihi hapa na hapa. Saa tisa na nusu Benjamin akatolewa, mabega juu, anavuta hewa kwa shida.

"Na mzigo wangu, afande?"

"Mzigo uko kwa mgambo. Sie tulipokea mtu."

Duka la dawa lilikuwa jirani. Noela akamnunulia dawa ya kuvuta, Benjamin akaketi kwenye ngazi mpaka mabega yakashuka. Kisha wakaanza safari ya nyumbani, pole pole, Benjamin akisimama kila baada ya nyumba chache. Njia ilipita mbele ya ofisi ya mtaa.

Mlango ulikuwa na kufuli. Lakini mabenchi hayakuwa matupu. Watu kama saba walikuwa wamekaa palepale. Mzee Audax alikuwa amevua viatu. Eliaichi alisimama mbele yao na funguo mkononi.

"Ofisi imefungwa jamani. Mtaniletea matatizo."

"Hatuko ofisini, mama. Tuko kwenye benchi," Recho alisema.

"Kwani mnajua anakuja saa ngapi?" Eliaichi aliuliza.

"Pikipiki yake ile pale," Fakihi alisema. "Lazima aifuate."

Noela alikuwa ameshaingia getini bila kukusudia. Recho akamwona. "Umesahau kitu?"

"Hapana."

Benjamin, aliyekuwa nyuma yake, alikiona kitabu mapajani mwa Fakihi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Hiyo kitu ni ya kwake," alisema. "Dada Foleni. Anachora huyu."

Fakihi alimtazama Noela, akatazama zile herufi kwenye jalada, akamtazama tena. "Wewe ndo N.C.?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umekaa hapa muda wote," Recho alisema.

"Nilikuwepo."

"Na ukaingia."

"Nikaingia."

Mtoto wa yule mama akalia kidogo, akanyamazishwa. Noela alijua angeweza kueleza habari ya pumu, na wangemwelewa, na kwa sababu hiyohiyo hakueleza.

"Niliwapita wanne," alisema. "Wewe mwalimu ndiye uliyekuwa unafuata."

Mzee Audax alivuta viatu vyake kwa mguu, akasogea. "Kaa basi."

"Si umeshapata barua?" Benjamin alimnong'oneza.

"Nimepata. Kaa, upumzike."

Wakakaa. Eliaichi aliwatazama, akaketi kwenye kizingiti na funguo zake. Fakihi alikuwa akitikisa goti, benchi zima linatikisika naye, na hakuna aliyemwambia aache.

Saa kumi na moja kasoro gari jeupe lilikata kona, likaingia, likasimama karibu na pikipiki. Eliaichi alinyanyuka, akakung'uta sketi. Yeye peke yake; benchini hakuna aliyenyanyuka. Bwana Rogers alikuwa kiti cha mbele. Walimwona akiwahesabu kwa macho, kisha akamgeukia dereva akasema neno. Dereva akazima injini.

Mlango wa gari ulikaa bila kufunguliwa, na Bwana Rogers hakunyanyuka kwenye kiti.