Mwanzi wa Betri Uwanja wa Nduli

Kile chombo nilikiunda mimi, Kalista, fundi redio, na kilikuwa kinafanya kazi. Asiyeamini aje barazani pa duka la Jayantilal, Iringa mjini, aniletee redio iliyokufa aone. Ufundi huu nilifundishwa miaka mitatu na mzee Himmat kule Mbeya, na mzee Himmat hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Mdogo wangu Sedekia aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa. Alipona, lakini masikio hayakupona. Tangu hapo mama yetu, Roza, akimsemesha anapayuka, mpaka kijiji chetu kizima cha Kalenga kinajua mtoto katumwa nini dukani. Lakini kichwa cha yule mtoto, jamani! Alisoma kwa macho tu, ubao na daftari, akawapita wote. Mwaka sabini na sita akapata nafasi ya kwenda Hungaria kusomea upimaji wa ardhi. Barua ilisema akifika atahojiwa kwa mdomo, na asiyeweza kufuata maswali atarudishwa.

Arudishwe? Mdogo wangu? Nikachukua redio ndogo, nikaitoa matumbo, nikayapanga ndani ya kisanduku cha sabuni pamoja na maiki, nikachomoa waya mmoja wa kwenda sikioni. Siku ya kwanza alipokivaa alisikia kuku wakichakura uani, akaketi chini akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kusema. Mama tu ndiye aliyeendelea kupayuka. Mazoea.

Ila chombo kilikula betri kama mgonjwa aliyepata nafuu. Nikafanya tunavyofanya wote huku: betri zilizochoka nikazianika juani, nikazipanga sita ndani ya mwanzi, nikaukaza kwa mpira wa tyubu, nikatoa waya mbili. Sedekia akaufunga kiunoni chini ya koti. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sikuufikiria mwanzi ule kwa macho ya mtu wa uwanja wa ndege.

Uwanja wa Nduli, asubuhi, ndege ndogo ya kwenda Dar tayari inangoja. Mkaguzi, Eliezeri, Mbena wa Nyololo, kofia imemkaa sawasawa, akamfungua Sedekia koti. Akaona mwanzi, mpira, waya. Akaruka nyuma hatua tatu.

"Kila mtu asogee!"

"Asogee kwa nini?" nikauliza. "Huko Nyololo hamna redio?"

"Zipo, dada. Mwanzi wetu unakaa juu ya kabati, haupandi ndege." Akatoa karatasi ya masharti mfukoni. "Watu wanateka ndege siku hizi. Chombo chochote cha betri kifanye kazi yake mbele yangu. Kisipofanya, hakipandi. Na betri haziingii na abiria, zinakwenda kwenye mizigo."

"Basi vaa."

"Nani?"

"Wewe. Chombo cha kusikia kinapimwa kwa sikio, unataka nikupigie dansi?"

Sedekia akautazama mdomo wangu, akautazama wa mkaguzi, jasho linamtoka. Rubani naye alishaanza kuchungulia saa. Nikamvua kisanduku mdogo wangu, nikakielekeza getini walikosimama wasindikizaji, nikamshikisha mkaguzi ule waya wa sikioni. Akauingiza sikioni akiwa amefumba macho. Moyo wangu ulitulia tuli. Kazi yangu naijua.

Eliezeri akafumbua macho. Akatazama getini. Pale, hatua kumi na tano kutoka kwetu, mama yetu alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Mimi sikusikia hata neno.

"Yule mama," akasema polepole, "anasali kwa Kihehe. Anamwomba Mungu anilegeze. Anasema pengine nimetoka nyumbani bila kunywa uji."

"Na je, ulikunywa?"

"Sikunywa!" Akacheka mpaka kofia ikapinda. Akachukua kalamu, akaandika kwenye tiketi: kifaa cha kusikia, kimekaguliwa, kinafanya kazi. Nilimwambia aandike kwa herufi kubwa, akaandika. "Lakini mwanzi unakwenda kwenye mizigo, dada. Hilo siwezi kulipindisha."

"Atauchukua akifika. Lakini bila mwanzi hasikii kitu. Mama bado hajamuaga."

Eliezeri akaitazama ndege, akatutazama sisi. "Mwite."

Mama akaja mbio. Akajaza hewa kifuani tayari kupayuka, kama miaka yote. Sedekia, waya umesharudi sikioni, akamshika bega. "Mama, nasikia. Sema tu."

Akaishusha ile hewa polepole. Kisha akakisogelea kile kisanduku kifuani mwa mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo. Alisema kwa muda. Mimi nilisimama pale pale, sikuambulia kitu, na kwa mara ya kwanza Kalenga haikujua Sedekia kaambiwa nini.

Alipomaliza, Sedekia akachomoa zile waya mbili mwenyewe, akamkabidhi Eliezeri mwanzi. Akatembea hadi ngazini. Huko akageuka, na kwa kuwa hakuisikia tena sauti yake mwenyewe, akapiga kelele uwanja mzima ukageuka.

"Sweta nitavaa, mama! Na kaburi la baba nitakuja kulipalilia mwenyewe! Wewe usilie tu!"

"Silii!" mama akapayuka kwa nguvu zake zote, machozi yanamdondoka hadi kwenye kanga. Tulisikia wote, isipokuwa Sedekia.